Kulabu ya Kumi na Saba

Mimi huhesabu ada kwa mikate.
Wengine wana kikokotoo; mimi nina tanuri,
na saa nane usiku Valparaiso yote imelala
isipokuwa mbwa, na mimi, na hamira.

Ada ya mwezi mmoja, shule ya juu kilimani,
ile yenye geti la kijani na sanamu ya mtakatifu asiye na pua:
mikate elfu moja mia mbili na arobaini.
Nimeikanda kichwani mara ngapi, sijui.
Haiumuki ikatosha.

Shule ya chini haina ada.
Ina namba badala ya jina,
ina ndoo tatu darasani mvua ya Agosti ikinyesha,
na mwalimu Hortensia, aliyenifundisha herufi R
kwa kunikoromea kama paka.
Nilisoma hapo. Nasoma mpaka leo.
Lakini ni hapo pia nilijifunza kutonyoosha mkono,
na hilo nalo sijalisahau.

Basi Eliana akaja na habari:
watoto wa wafanyakazi hulipa nusu.
Mke wangu hupiga deki kwenye shule ya geti la kijani,
mwaka wa sita sasa, kuanzia saa kumi na moja jioni.
Anajua dawati lipi lina chingamu chini yake,
mwalimu yupi hulia chooni,
na karatasi ipi hubandikwa mlangoni kwa mhasibu
kila tarehe kumi, yenye majina ya wasiolipa,
wino mwekundu, herufi kubwa,
ili hata mtoto wa darasa la kwanza aweze kulisoma lake.

Nusu ya ile mikate ni mia sita na ishirini.
Hiyo naiweza. Nikiacha sigara, naiweza.

Tulijaza fomu mezani, Rayén akichora farasi pembeni mwake.
Umri: miaka mitano na nusu.
Kazi ya baba: mwokaji.
Kazi ya mama. Eliana akasita, kalamu hewani,
kisha akaandika: Naifahamu shule hii kila pembe.
Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Halafu kicheko kikaisha, kama kinavyoisha,
akaniuliza, akiitazama kalamu, si mimi:
"Nibaldo, siku akinikuta ukumbini na ndoo,
naye yuko na wenzake,
ataniita mama?"

Nilisema ataita. Nilisema upesi mno.

Mama yangu akasema tunaipiga teke bahati.
Shemeji akasema serikali ni mama wa kambo.
Kila mtu alikuwa na methali;
hakuna aliyekuwa na mikate.
Rayén aliuliza shule ipi ina paka.
Ya chini inaye. Ana sikio moja.

Mwezi wa tatu tukampeleka chini.
Sitasema tulichagua. Labda tuliogopa,
na woga ukavaa sare, ukapita kama uamuzi.
Hortensia amezeeka, hukoromea herufi R katikati ya kikohozi.
Ndoo sasa ni nne.
Lakini jana Rayén alikuwa anasoma kibao cha duka la dawa,
silabi kwa silabi, akakwama,
akasimama pale njiani akanyoosha mkono,
kana kwamba barabara nzima ni mwalimu.

Na Eliana bado anapiga deki kule juu.
Anasema ukutani mwa darasa la kwanza kuna kulabu ishirini za makoti,
kila moja na jina lake, ila ya kumi na saba.
Zile nyingine huzipitisha kitambaa, haraka haraka.
Ile huiacha mwisho, akaisugua mpaka ing'ae.
Sijamwuliza kwa nini.
Mimi nafika kazini saa nane, naupiga unga ngumi,
nahesabu hata sasa, mia sita na ishirini,
kisha naiuza yote.